"Wamezoea" ndilo neno lililoniponza: ndizi hizo msiende nazo

Mleta mada, umeuliza mfike saa ngapi, mvae nini, na kama darasa la watoto pale kituo cha wanyamapori lina maana. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, unasema mmeshanunua ndizi na mkate kwa sababu rafiki yako kakwambia tumbili wa pale wamezoea, wanakula mkononi. Nimesoma hapo mwili ukanisisimka.

Mimi niliambiwa neno hilo hilo. Kijana mmoja alikuwa anauza karanga nje ya lango la kituo tulichokwenda, akamwinamia binti yangu wa miaka mitano: "Usiogope, hawa wamezoea." Hatua chache mbele yake kulikuwa na kibao kikubwa kinachokataza kulisha wanyama. Nilikiona. Nikadhani kinawahusu watu wa fujo, si baba aliyekuja na mtoto wake kujifunza.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Jike mmoja alikuja akachukua karanga mojamoja kwa vidole, binti anacheka, mama yake anapiga picha. Kisha akaja dume. Akaketi mbele ya mtoto, akamkazia macho, akafunua meno yote. "Baba, ananichekea!" Nami nikacheka. Jamani, tumbili akikutolea meno hacheki, anakuonya! Na mtoto akimkazia macho na yeye akatoa meno, kwa wanyama wale hiyo ni kukubali ugomvi. Karanga zilikuwa zimeisha, binti akakunja ngumi na kurudisha mkono nyuma. Kwa dume yule, mkono uliofumbwa ni mkono ulioficha chakula. Alimng'ata juu kidogo ya kifundo cha mkono, kukawa na mashimo mawili na mpasuko, yote kwa kasi ambayo sikuwahi hata kunyoosha mkono.

Mhifadhi alikuja mbio akatupeleka bombani. Dakika 15 za sabuni na maji yanayotiririka, saa ameishika mkononi, mtoto analia na mimi nataka tukimbie hospitali. Alinikatalia, na alikuwa sahihi. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, kwa hiyo kuosha kidonda vizuri ndiyo hatua ya kwanza. Hospitali walimchoma dawa ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari dhidi ya kichaa cha mbwa, kwenye kidonda chenyewe, nikiwa nimemshika miguu. Kisha chanjo siku ile, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Kila tulipokaribia mlango wa hospitali alikuwa ananiuliza kama nimemsamehe kwa kumkasirisha tumbili. Mtoto wa miaka mitano aliamini kosa ni lake.

Yule muuza karanga bado nina hasira naye. Alikuwa anajua. Ukikaa pale kila siku unaona nani anakwaruzwa na nani ananyang'anywa mkoba. Na hao marafiki wanaorusha picha za tumbili begani bila kueleza kilichofuata, nao wamo.

Tumbili "aliyezoea" hajawa mpole. Ameacha kuogopa binadamu, na ameshajifunza kwamba binadamu ni chakula. Siku mkono wako uko mtupu, anaona umemnyima haki yake. Katika kundi lenu atamchagua mdogo kuliko wote, kwa sababu hata kwenye kundi lao wadogo ndio wanaonyang'anywa. Yule wa porini ambaye bado anatuogopa angekaa juu ya mti na binti yangu asingekuwa na kovu.

Wiki chache baadaye nilimpigia mhifadhi kumshukuru. Akaniambia dume yule alipigwa risasi, kwa sababu alishaanza kuvamia watoto wengine. Nilinyamaza kwenye simu. Karanga zile nilizinunua mimi.

Kwa hiyo msiguse na msilishe, hata mfanyakazi au mgeni mwingine akiwaambia ni sawa. Chakula chenu kikae ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Mfuko wa plastiki wanautambua kwa mlio tu. Akija karibu, msimkazie macho, msikimbie, mwonyesheni viganja vitupu mkirudi nyuma taratibu, mtoto akiwa katikati yenu. Kama watoto wanatamani kuona wanyama wakila, ulizeni wahudumu wanawalisha saa ngapi wale walio kwenye uangalizi. Binti yangu tulipomrudisha mwaka uliofuata alisimama nyuma ya uzio na darubini, akahesabu ni nani anamchambua nani manyoya, akaniambia jike mmoja amejaza chakula mashavuni kama ameficha mipira. Alifurahi kuliko siku ya karanga.

Hizo ndizi kuleni nyumbani kabla hamjatoka.