Maswali ya Wasomaji: Kundi Huzaaje Umbo la Kialjebra?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa hisabati, mkazi wa Kahawa Sukari, Nairobi. Nimesoma kwamba njia zote za kuwakilisha kundi (seti ambayo memba wake huzidishwa na kila mmoja ana kinyume) kwa matriksi huunda umbo la kialjebra, yaani umbo linaloelezwa kwa milinganyo ya polinomia. Naomba mnieleze milinganyo ya umbo hilo inatoka wapi, na kama umbo lenyewe linatufunza lolote kuhusu kundi.

JIBU: Ndugu msomaji, milinganyo hiyo inatoka katika mahusiano ya kundi lenyewe, yaani kanuni ambazo vizalishi vyake, memba wanaowajenga wengine wote kwa kuzidishwa, huzitii. Kila kizalishi cha kundi hupewa matriksi yenye kinyume chake, kwa sharti kwamba matriksi hizo zitii kila uhusiano. Na kwa kuwa kuzidisha matriksi ni kuzidisha na kujumlisha nambari zilizomo, kila uhusiano hugeuka kuwa milinganyo ya polinomia. Hata kama mahusiano hayana mwisho, nadharia ya mwanahisabati David Hilbert ya mwaka 1890 inahakikisha kwamba milinganyo yenye idadi ya kikomo inatosha.

Chukua kundi lenye kizalishi a na uhusiano a² = 1, kwa matriksi za 2 kwa 2 zenye nambari changamano. Mlinganyo A² = I, ambapo I ni matriksi ya utambulisho, una majibu mawili yaliyojitenga, I na −I, pamoja na uso mzima wa matriksi zenye safu (p, q) na (r, −p), ambapo p² + qr = 1. Vipande vitatu kutoka kwa kundi lenye memba wawili tu! Nakusihi uukokotoe mfano huu kwa mkono.

Matriksi zote za uso huo hupatikana kutoka kwa moja kwa kubadili mihimili, kwa hiyo ni afadhali kupima kile kisichobadilika: jumla ya nambari za ulalo mkuu. Kwa vizalishi viwili, A na B, zenye determinanti 1, jumla tatu zinatosha: x ya A, y ya B, na z ya AB.

Hapo ndipo utamu ulipo. Fundo sahili kuliko yote yasiyofunguka, lile la majani matatu, lina kundi (la vitanzi katika nafasi inayolizunguka) lenye vizalishi a na b na uhusiano a² = b³. Uwakilishi usiogawanyika, yaani ambao A na B hazina mwelekeo mmoja zinaouhifadhi zote mbili, hulazimisha A² iwe I au −I, kwa kuwa A², ambayo ni sawa na B³, huzidishwa na A au B kwa mpangilio wowote bila jibu kubadilika. I haifai, kwani kwa determinanti 1 A yenyewe ingekuwa I au −I, na uwakilishi ungegawanyika. Basi A² = B³ = −I, hivyo x = 0 na y = 1, huku z ikiwa huru isipokuwa pale z² = 3, ambapo uwakilishi hugawanyika. Tumepata mstari mnyoofu.

Mwaka 1983, wanahisabati Marc Culler na Peter Shalen walionyesha kwamba mstari wa namna hii unapoelekea pasipo kikomo hufichua uso unaoikata nafasi inayolizunguka fundo. Hapa z hukua ilhali x na y zimetulia, na uso unaopatikana ni utepe unaoigawa nafasi hiyo sehemu mbili, moja ikiwa na kundi linalozalishwa na a, nyingine na b.