Usiwaanzishie C, mimi nilipoteza wanafunzi 8 kati ya 12

Acha kwanza. Umeuliza wanafunzi wako wa programu uwaanzishie C au Java, lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta. Kabla hujawatangazia C hao wanafunzi wako, soma hapa.

Mimi nilishauriwa na programa wa miaka mingi kwamba C ndiyo msingi, asiyeijua hajui kitu. Nikamwamini, kumbe mwenyewe hajawahi kumfundisha hata mtu mmoja! Bado inaniuma. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs, miaka ya 1970 mwanzoni, ili itumike kuandika Unix, mfumo endeshi wa kompyuta. Ni chombo cha watu ambao kazi tayari wanaijua.

Kipindi cha tatu tuliandika programu ya kuuliza umri na kuongeza 1. Dada mmoja, mwepesi kuliko wote darasani, akaandika hivi mstari wa kusoma umri kutoka kibodi:

scanf("%d", umri);

Akaiendesha, akaandika 19, akabonyeza Enter. Ikatoka "Segmentation fault", yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa ikakatika, basi. Haikutaja hata mstari wenye kosa. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea umri wangu?" Alichosahau ni alama moja tu, & kabla ya umri. Lakini kumweleza alama hiyo ilibidi nieleze anwani za kumbukumbu ya kompyuta, kwa watu ambao hata int, yaani aina ya namba kamili, walikutana nayo juzi. Nikachora visanduku ubaoni mpaka kipindi kikaisha. Kipindi kilichofuata hakuja. Wiki ya nne walibaki 4.

Kwa hiyo shika hili: mwanafunzi aweze kukueleza kila neno la programu yake ya kwanza. Kila neno! Java inaanguka hapohapo, maana public static void main, maneno ya kufungulia programu kwenye matoleo mengi ya Java, utawaambia "andikeni tu, mtaelewa mbele". Kwenye lugha ya Python, print("Habari"), yaani onyesha neno Habari kwenye skrini, inaelezeka kwa dakika moja. Umri nao unahitaji int(input()), sawa, ila hilo linaelezeka: kibodi inaleta maandishi, int inayageuza namba. Akisahau int, Python inamtajia mstari na kumwambia maandishi hayajumlishwi na namba. Anarekebisha mwenyewe, wewe umekaa.

Kundi la pili nililianzishia Python na hatukukwama hapo kwenye umri. Yule dada nilimpigia arudi. Akaniambia kompyuta si za watu kama yeye.