Wazee wenzangu, pimeni tezi dume wakati bado mnakojoa vizuri

Kuna jambo pale kijiweni kwetu Ujiji, Kigoma, huwa tunabishana mpaka kahawa inapoa kwenye vikombe. Wazee wengi wanaamini tezi dume ni ugonjwa wa mkojo, yaani mkojo ukitoka vizuri basi huna shida, na siku ukianza kukatika katika ndo utaenda hospitali. Mi nimetibiwa saratani ya tezi dume, na siku naambiwa ninayo nilikuwa nakojoa vizuri tu, usiku nalala moja kwa moja, sina maumivu popote, baiskeli naendesha kutoka Ujiji mpaka Mwanga na kurudi. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema "mi sina dalili, nipime nini" ujue huyo ndo hasa wa kupima.

Ngoja nieleze kama nilivyoelezwa, maana mi mwenyewe nilipoelewa hili ndo nikatulia. Tezi dume iko chini ya kibofu na ule mrija wa mkojo unapita katikati yake. Sasa wanaume wengi tukishapita miaka 50, 60 tezi inaongezeka ukubwa, na ikiongezeka kwa ndani inaubana mrija, hapo ndo unaanza kuamka usiku mara kwa mara, mkojo hauna nguvu, unasimama chooni unasubiri, ukimaliza unahisi bado umebaki. Hiyo ni kukua kwa tezi kwa sababu ya umri, sio saratani na wala haigeuki kuwa saratani, ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Saratani yenyewe mara nyingi inaanzia sehemu ya nje ya tezi, upande wa nyuma unaopakana na njia ya haja kubwa, mbali na mrija. Inaweza kukaa pale miaka na miaka inakua taratibu na mkojo haujaguswa kabisa. Ukija kuona dalili za saratani yenyewe, mara nyingi imeshatembea.

Nina watu wawili wa karibu ambao naweza kuwaeleza bila kutaja majina. Mmoja ni jirani yangu hapa hapa, mkojo ulimziba usiku, tumbo likavimba chini ya kitovu mzee akawa analia kama mtoto, tukamkimbiza hospitali akawekwa mpira na lita na zaidi ya mkojo ikatoka. Watoto wake walikuwa wameshaanza kulia wakijua ni saratani. Kapimwa kila kitu, kumbe ni tezi kubwa tu, kafanyiwa upasuaji, leo anakwenda shambani kwake kwenye michikichi kama kawaida.

Wa pili ni mdogo wangu wa tumbo moja, yeye yuko Tabora. Huyu mkojo haukumsumbua hata siku moja. Alichokuwa analalamika ni kiuno. Akaambiwa na watu ni ngiri, akanywa mizizi, akachuliwa, akanunua vidonge vya maumivu dukani, afu maumivu yakawa ya usiku, akilala ndo yanazidi, mguu mmoja ukaanza kufa ganzi. Alipokuja kupigwa picha mifupa ya mgongo imeshaingiliwa, ni saratani ya tezi dume, na damu ilipopimwa, kile kipimo cha PSA nitakachokieleza chini, namba ilikuwa mamia. Anaishi, namshukuru Mungu, anachomwa sindano zake na anatembea na fimbo, lakini yeye hatibiwi kupona, anatibiwa kuuzuia ugonjwa. Daktari wake ndo alimwambia apigie simu kaka zake wote wapime, kwa sababu ukiwa na baba au ndugu wa kuzaliwa naye aliyepata saratani hii, hatari yako wewe inafika mara mbili ya mtu mwingine au zaidi. Simu hiyo ndo ilinipeleka mimi kupima.

Nasisitiza hapa kwa wenye ndugu waliougua. Umri wa kuanza kumuuliza daktari kuhusu kipimo kwa watu wengi ni miaka 50, lakini sisi weusi ugonjwa huu unatupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo 45 sio mapema, na kama baba na kaka wote walikuwa nao anza hata 40.

Kipimo cha kwanza ni damu tu, inaitwa PSA. Ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, kidogo inaingia kwenye damu, na tezi ikiwa na matatizo inaingia nyingi. Madaktari wengi namba ikipita 4 wanaanza kuuliza maswali. Naomba mnielewe hapa, namba kubwa sio hukumu ya saratani, maana inapanda pia kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi ya mkojo, kwa mtu aliyetoka kuwekwa mpira, na inaweza kupanda kidogo kwa tendo la ndoa au baiskeli. Na namba ndogo nayo sio cheti cha kwamba uko salama asilimia mia. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kipimo kaa mbali na tendo la ndoa na hiyo baiskeli ipumzishe (najua kwa Kigoma na Tabora ni kumwambia mtu asitembee, lakini ni siku mbili). Kama una maambukizi ya mkojo tibu kwanza, subiri wiki kadhaa ndo upime. Na kama unatumia dawa za kupunguza tezi kama finasteride mwambie daktari, maana ile dawa inaishusha namba karibu nusu, asipojua atakwambia uko vizuri kumbe sivyo. Karatasi ya majibu itunze. Namba ya mwaka huu ikikaa pembeni ya namba ya mwaka jana ndo inamwonyesha daktari kama inapanda.

Sasa kuna kipimo cha pili, cha kidole njia ya haja kubwa, maana najua ndo kinachowarudisha watu wengi mlangoni. Mi nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye wajukuu anaapa bora afe. Kwangu daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, akanisalimia, "Shikamoo mzee wangu, kabla sijakugusa nikueleze nitakachofanya, ukiona huwezi niambie tuache." Ukalala ubavu, magoti umeyakunja kuja tumboni, anavaa glovu, anapaka mafuta, anaingiza kidole anapapasa ile sehemu ya nyuma ya tezi niliyoisema pale juu, haifiki hata dakika. Anaangalia kama ni laini au kuna sehemu imekuwa ngumu kama jiwe. Unasikia kama unataka kwenda haja, basi. Uanaume wangu niliingia nao na nikatoka nao. Anayeona aibu sana aanze na damu, daktari atamwambia kama kuna haja ya kuendelea, lakini asikose vyote viwili kwa ajili ya kidole.

Namba yangu ya PSA ilikuja 11 na kidogo. Ikarudiwa, ikabaki hapo hapo. Nikapewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kuchukuliwa vinyama vya tezi vikapimwe. Wanaingiza kifaa cha utrasaundi njia ya haja kubwa na sindano inachukua vipande vidogo sehemu mbalimbali za tezi, unasikia mlio kama wa stepula kila kipande. Ganzi inawekwa, dawa za kuzuia maambukizi unapewa. Baadaye utaona damu kwenye mkojo na kwenye manii, hiyo ya manii inaweza kukaa wiki kadhaa na inatisha, lakini ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni homa na kutetemeka, hapo usisubiri kesho, rudi hospitali usiku huo huo.

Majibu yakaja, saratani ipo na haijatoka nje ya tezi. Nilipigwa mionzi pamoja na sindano za kushusha homoni za kiume, kwa sababu homoni hizo ndo chakula cha saratani hii. Wengine wanafanyiwa upasuaji wa kuitoa tezi yote, na wengine, hili watu hawalijui, wakikutwa na ile ya taratibu sana hawatibiwi kitu, wanafuatiliwa tu kwa vipimo, maana sio kila saratani ya tezi dume itakuja kumuua mwenye nayo. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo na sukari anaweza kushauriwa aachane nayo kabisa, na ni ushauri mzuri.

Kwenye mionzi unatakiwa uingie kibofu kimejaa, ili kisogee juu kidogo kisipate moto mwingi. Kwa hiyo asubuhi mnakaa wazee kwenye benchi, kila mtu na chupa yake ya maji, mnakunywa mnasubiri jina. Wa Kibondo, wa Kahama, wa Bukoba, wa Tarime, hamjuani lakini mkimaliza wiki mnajua habari za nyumba za kila mmoja. Pale ndo nilijifunza mengi kuliko popote. Pale ndo nilisikia mtu kwa mara ya kwanza anasema wazi mbele ya wanaume wenzake kwamba nguvu zimepungua na amezungumza na mkewe.

Na mimi niseme wazi, maana mtu akifichwa hili atajiona kadanganywa. Sindano za homoni zinaondoa hamu, joto linakupanda ghafla jasho linatoka hata kwenye baridi ya asubuhi, unachoka haraka. Mionzi inafanya mkojo uwashe na tumbo liharishe kwa muda. Upasuaji unaweza kukuachia mkojo unaovuja kwa miezi na nguvu za kiume zikapungua au zikakata. Kuna vingine vinarudi, vingine vinarudi nusu. Mke wangu nilimchukua siku ya daktari kueleza matibabu akasikia mwenyewe, akauliza maswali ambayo mi nisingeuliza, na nyumba yetu haikuingia maneno. Nawashauri mfanye hivyo. Anayejua unaamka mara ngapi usiku ni yeye, hata daktari atamuuliza.

Kuna wanaosema ukishaambiwa saratani umekwisha, bora usijue. Mzee Mandela aligundulika na hii hii mwaka 2001 akiwa na miaka 80 na ushee, akapigwa mionzi, akaishi mpaka Desemba 2013. Rais wetu Kikwete akiwa bado madarakani alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 kule hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na wananchi tukatangaziwa hadharani. Mi pale nilimheshimu sana, mtu wa cheo kile angeweza kusema ameenda mapumziko. Tatizo letu huku ni kwamba tunaowaona na saratani hii ni wale waliochelewa, maana aliyepona hasemi, anarudi kijiweni anakunywa kahawa kimya. Ndo maana mi nasema kila mahali, msikitini nimesema, harusini nimesema.

Kwa walioko Kigoma anzeni hospitali ya Maweni, wa Tabora anzeni hospitali ya Kitete, ulizeni kipimo cha PSA na mwenye bima aende na kadi yake aulize mapema nini kinalipiwa. Dawa za kienyeji sizitukani, nimekulia humo, lakini usizinywe kabla hujajua unachoumwa. Na kwa wenye baba ambaye tayari anajulikana ana saratani hii, siku miguu ikilegea ghafla, au akaanza kushindwa kuzuia haja, au mgongo ukauma kuliko siku zote, mkimbizeni siku hiyo hiyo, uti wa mgongo unabanwa na ukikaa siku mbili tatu anaweza asisimame tena.

Wanangu wa kiume wote nimewaambia. Mkubwa ana miaka 46, yuko Dar, alipima mwezi uliopita akanitumia picha ya karatasi kwenye simu, namba iko chini. Nimemwambia asiifute na mwakani arudie.