Gari la kulalia na mkono wa kibaka: maswali yenu

Nina Land Cruiser "mkonga" ya injini 1HZ, nimeitengenezea kitanda na jiko nyuma. Fundi mmoja ananishauri nifunge king'ora, mwingine anasema swichi ya siri inatosha. Nimsikilize yupi? (Msomaji, Moshi)

Msikilize wa pili, ila muulize swichi hiyo anaifunga kwenye waya gani. Wengi hukata waya wa stata, na kwa dizeli ya pampu ya kizamani hiyo ni kazi bure: gari likisukumwa kwenye mteremko na gia ya pili litawaka. Kinachozima 1HZ ni koili ya kukata mafuta iliyoko kwenye pampu. Koili isipopata umeme mafuta hayapiti, hata likisukumwa mpaka Himo.

Waya wa koili ukatwe ndani ya kabini, nyuma ya dashibodi, baada ya fyuzi. Usikatwe kwenye chumba cha injini, maana huko utepe mpya unaonekana mara moja. Fundi atumie waya wa rangi ileile, auunge kwa risasi ya kuyeyusha (solda) badala ya viungio vya bluu vya kubana, kisha auzungushie utepe wa kitambaa kama wa kiwandani. Swichi ya ampea 10 yatosha. Isiwekwe chini ya usukani, ndiko mkono wa mwizi unakoanza kupapasa. Tumia swichi ya asili ambayo gari lako halina kazi nayo. Kitufe kinachofanana na wenzake hakuna anayekitilia shaka.

Jaribio ni hili: injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, zima swichi. Ndani ya sekunde mbili tatu inapaswa kufa. Isipokufa, ama umekatwa waya usio wenyewe, ama koili iliungua zamani na fundi aliichomoa pini ya ndani ili gari liendelee kutembea. Ujanja huo umezagaa magereji. Dalili yake ni gari kugoma kuzimika kwa ufunguo. Nunua koili nyingine kwanza.

Udhaifu unaobaki ni mwizi anayeijua 1HZ: atafungua boneti na kuvuta waya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Kwa hiyo boneti nayo iwekewe kufuli, na koili ifunikwe kwa kibati cha milimita 3 kinachoshikwa na boliti za pampu zenyewe. Ongeza chuma cha kufunga usukani, kile kinene cha rangi kali. Kazi yake kubwa ni kuonekana kioo kikiwa kimefungwa, ili aamue kwenda kwa jirani.

King'ora weka ukipenda. Mitaani watu wamekwisha kuvizoea, kinalia mpaka kinachoka. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye treka, kifaa kinachokuonyesha kwa simu gari liko wapi, kwa masharti mawili. La kwanza ni umeme: treka inayokula miliampea 30 hutumia takriban ampea-saa (Ah) 22 za betri kwa siku 30, na gari la safari hulala miezi. Ukiiunga kwenye betri ya stata, mwezi wa pili betri iko hoi na treka imenyamaza. Iunge kwenye betri ya pili inayochajiwa na sola, na laini yake ya simu iwe na salio, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. La pili ni usalama: treka nyingi hukuwezesha kuzima injini kwa simu. Mwambie anayefunga aiweke izime gari likiwa limesimama tu. Injini ikikatwa kwenye mwendo wa kilomita 80, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache. Aliye mbele ya gari hilo anaweza kuwa mtoto wa mtu.

Hema la juu ya gari nimelinunua kwa bei ya pikipiki mbili. Nikiegesha Nairobi silali. (Msomaji, Machakos)

Una haki ya kutolala. Mahema mengi ya aina hiyo hushikwa na vibati vinne, kila kimoja kikiwa na boliti mbili za M8, yaani za unene wa milimita 8. Hizo hufunguliwa na spana namba 13, ambayo iko kwenye mkoba wa kila fundi wa baiskeli. Hema lenyewe ni kilo 50 hadi 60, kwa hiyo vijana wawili wenye spana mbili hawahitaji zaidi ya dakika chache.

Kwenye kila kibati acha nati moja ya kawaida yenye plastiki ndani, hiyo ndiyo inayohimili mtetemo. Ya pili badilisha uweke nati ya kukatika kichwa: unaikaza mpaka sehemu ya pembe sita inakatika, inabaki koni laini isiyoshikwa na spana. Usiziweke zote nane za aina hiyo, siku ya kulishusha utajilaani na grinda mkononi. Kama boliti zako zina tundu la ufunguo wa alenki, kuna njia ya shilingi chache: tafuta gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 6, itie gundi ya epoksi, igonge ndani ya tundu. Ukitaka kuitoa, pasha moto kidogo gundi ilegee. Usikubali kuchomelea. Cheche moja ikitua kwenye turubai hujamzuia mwizi, umemsaidia.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi hulegeza kila kitu. Kagua nati baada ya kilomita 50 za mwanzo, halafu kila asubuhi ya safari.

Friji na jiko vina ugonjwa huohuo: vimefungwa kwenye reli, reli imefungwa kwenye ubao, ubao umeshikwa na skrubu za mbao. Mwizi anang'oa ubao. Pitisha boliti za M8 hadi kwenye sakafu ya chuma, na chini yake weka bati la milimita 4, kwa sababu bati la sakafu peke yake ni jembamba na boliti huchomoka nalo. Kisanduku cha pasi na fedha nacho kifungwe vivyo hivyo, kwa boliti nne za M10 zenye vichwa ndani ya sanduku. Kabla ya kutoboa, lala chini uangalie. Kuna tangi na bomba za breki huko.

Stepni ya nyuma ipate nati ya kufuli, na vioo vya pembeni vichongwe namba ya gari kwa herufi kubwa. Na ukipiga kambi Nakuru au Manyara, zipu za hema zifungwe kwa kibanio: nyani wa huko hawajui namba 13, ila zipu wanaijua vizuri sana.

Naishi Uingereza, nina Fiat Ducato ya kulalia, mwezi wa nane tunaenda Hispania na watoto. Ni kweli wezi hupuliza gesi ya usingizi ndani ya gari? (Msomaji, Reading)

Hapana. Royal College of Anaesthetists, chuo cha madaktari wa usingizi hukohuko kwenu, kilishasema haiwezekani kuwalaza watu kwa kupuliza etha dirishani bila wao kujua. Harufu yake ni kali, inakera koo, na ingehitajika kwa wingi mno. Watu hulala fofofo kwa uchovu wa barabara. Kengele ya gesi nunua, lakini kwa ajili ya jiko lako na gesi ya kaboni monoksaidi.

Hofu yako ielekeze kwenye milango ya mbele. Ducato hutobolewa bati chini ya kishikio, komeo linasukumwa na kitu chenye ncha, mlango unafunguka. Funga vibati vya chuma vya kukinga sehemu hiyo pande zote mbili, na usiku weka kufuli za ndani. Soketi ya uchunguzi wa kompyuta iliyo chini ya dashibodi ifungiwe kufuli yake, maana kupitia hapo ufunguo mpya huandikishwa. Na kwenye barabara ya AP-7 mtu akikuashiria kwamba tairi limepasuka, usisimame ukingoni. Endelea polepole hadi kituo chenye taa na watu. Usiku lala kambini, si kwenye maegesho ya barabara kuu.

Yellow Card ya COMESA inalipa gari likiibiwa Uganda? (Msomaji, Arusha)

Hailipi. Bima hiyo ya kuvukia mipaka inashughulikia madhara uliyowasababishia wengine, na matibabu ya dereva na abiria wake, si wizi wa gari. Bima yako kubwa ndiyo iongezewe nchi unazokwenda, kwa maandishi, kabla ya kuvuka Namanga. Hema, friji na sola vitajwe kwenye mkataba kimoja kimoja pamoja na thamani yake, la sivyo utalipwa gari tupu. Piga picha za namba za utengenezaji za kila kifaa, uzihifadhi nje ya simu unayosafiri nayo. Wakiiba, kituo cha polisi cha karibu siku hiyohiyo: nyumbani Tanzania utapewa RB, namba ya taarifa yako polisi, Kenya ni namba ya OB. Watu wa bima watakudai namba hiyo kabla hata hujaketi.