Korma, Madras au Phaal? Shangazi Ajibu Maswali ya Pilipili

Shangazi, shikamoo. Wenzangu wa kazini hapa Leicester, Uingereza, wamenialika mgahawa wa Kihindi na mimi pilipili siiwezi kabisa. Niagize nini?

Marahaba, mwanangu. Agiza korma ule kwa raha zako. Korma ya migahawa ya Uingereza hupikwa kwa krimu, nazi na lozi za kusaga, na wengine huitia sukari juu. Pasanda ni jirani yake, na tikka masala ya nyanya na krimu nayo haina makuu. Bhuna, rogan josh na dopiaza iliyojaa vitunguu huwasha kiasi. Ukiona madras, vindaloo au phaal, hiyo ndiyo michuzi mikali, pita kama hukuona.

Tena umo Leicester! Waulize wenzako kama mnaweza kwenda kwa Wagujarati, Wahindi wenye asili ya Gujarat. Familia nyingi za huko zilifika baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Dengu na mboga zao mara nyingi hutiwa sukari guru, na kwenye menyu unaweza kukuta mihogo ya kukaanga, wanaiita "mogo".

Nilikula madras mahali fulani nikaiona ya kawaida. Nikaagiza ileile mgahawa mwingine, machozi yakanitoka. Nani kakosea?

Hakuna. Jina la mchuzi si kipimo. Migahawa mingi ya Kihindi Uingereza inaendeshwa na watu wenye asili ya Bangladesh, hasa Sylhet, na kazi yao huanza mapema kwa sufuria kubwa la rojo la vitunguu, lisilo kali. Oda ikija, mpishi huchota rojo hilo, akatia viungo vya mchuzi uliotakiwa, kisha pilipili ya unga kwa kijiko. Akiongeza vijiko, madras inakuwa vindaloo. Sasa mkono wa huyu si mkono wa yule. Lakini hapo ndipo penye faida yako: kwa kuwa ukali unatiwa mwishoni, mwambie mhudumu "madras, pilipili nusu", wala hatakushangaa.

Ngazi hiyo ya korma hadi vindaloo ni ya Uingereza. Ukifika Chennai, mji ulioitwa Madras hadi 1996, ukaomba "madras", watakuuliza unataka chakula gani hasa. Na vindaloo ya Goa, pwani ya magharibi ya India, ni nyama iliyolazwa kwenye siki na kitunguu saumu, mapishi yenye asili ya Wareno; uchachu hutangulia, pilipili hufuata. Kwa asili ni nguruwe, kwa hiyo Waislamu ulizeni. Uingereza mara nyingi ni kuku au kondoo.

Mchuzi ukiwa mwekundu sana ndio mkali zaidi?

Rangi inadanganya. Pilipili ya Kashmir hutoa wekundu wa kupendeza na kuwasha kidogo tu. Rogan josh nzuri inaitegemea hiyo. Mchuzi wa jalfrezi nao hautishi macho, lakini vile vipande vya kijani ndani yake ni pilipili mbichi.

Nikiungua mdomo, maji yanasaidia?

Hayasaidii. Kinachowasha ni kapsaisini, nayo haiyeyuki kwenye maji. Unaizungusha tu mdomoni. Kunywa maziwa au lassi, kinywaji cha mtindi, au kula raita, yaani mtindi wenye tango. Protini ya maziwa huing'oa.

Shangazi, mimi mtoto wa Tanga, pilipili mbuzi nala kila siku. Wanasema phaal siiwezi. Kweli?

Usibishane kwanza. Phaal ni ya migahawa ya Uingereza, na wapishi wengi huitilia habanero au scotch bonnet, ndugu za hiyo pilipili mbuzi yako. Kwa kipimo cha Scoville cha ukali wa pilipili, kilichobuniwa 1912, hizo hufika kati ya 100,000 na 350,000, wakati jalapeno, pilipili ya Meksiko, haizidi sana 8,000.

Ila fikiria unavyoila nyumbani. Pilipili mbuzi inaelea nzima kwenye mchuzi, na mama anakukemea usiipasue. Au ipo pembeni kwenye achari, unachovya ukitaka. Kwenye phaal imesagwa ikaenea kote, hakuna tonge la kupumzikia. Anza na vindaloo na wali mweupe. Ukiimaliza bila kufuta pua, hao wanaokutania walipe bili ya phaal.