Sam Ntiro na miaka yake ya London
Umeuliza kama mchoraji anayeishi ughaibuni ni lazima abadili mtindo wake. Sam Ntiro, mchoraji mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade jijini London miaka ya 1950, kisha akarejea huko akiwa Balozi wa Tanganyika baada ya uhuru wa 1961, lakini picha zake ziliendelea kuonyesha migomba, kazi za shambani na sherehe za Uchagani. Alikwisha kuzoea kuchora kwa kumbukumbu alipokuwa chuoni Makerere, Uganda, chini ya mwalimu wake wa sanaa, Margaret Trowell. Umbali, kwa maoni yangu, ulikuza tu mazoea hayo. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege (pombe ya ndizi) usiku, imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York.