Kuhusu kero za zana: tuzieleze hadharani au faraghani?

Ndugu, umeuliza kama sisi waandishi wa programu wa Tanga tuwe na ubao wa wazi wa kero za zana tunazotumia, au kila mmoja amwandikie mtengenezaji faraghani. Naunga mkono ubao wa wazi. Januari 2016, wasimamizi wa miradi mingi ya programu huria waliiandikia GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuandika programu kwa pamoja, barua ya wazi, wakieleza kwamba njia ya kawaida ya msaada haikuwapa majibu ya maana, na kwamba taarifa za hitilafu ziliwafikia bila maelezo ya msingi. Kabla ya Machi kwisha, GitHub ilikuwa imeleta violezo vya taarifa, yaani maandishi tayari yanayomwonyesha mtoa taarifa cha kujaza.

Hata hivyo, kusema tu kwamba zana fulani ni balaa hakumsaidii mtu. Mlalamikaji ataje toleo, uwezo wa kompyuta yake na ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Kwa anayefanyia kazi Ngamiani, hapa Tanga, kwa bando la simu, zana inayopakua upya maktaba zilezile za msimbo humla fedha, si muda pekee, na hilo mtengenezaji aliye ng'ambo hatalijua asipoambiwa. Picha za skrini zikaguliwe kwanza, maana nywila za wateja hujificha humo.